BETRI ZA KUCHAJI: TUACHE KUTUPA FEDHA

Ndugu wanaushirika,

Wapo wenzetu wanaosema betri za kuchaji kwa waya wa simu ni anasa za watu wa Tabora mjini. Sisi tunapinga! Nani hulinda moto wa bani la tumbaku usiku bila tochi? Betri za kawaida zikiisha tunazianika juani, mwisho tunazitupa shambani. Zinavuja, tochi inaoza. Fedha ya tumbaku imekwenda hivyo!

Za kuchaji bei yake kali, kweli. Lakini moja inachajiwa mamia ya mara, hata kwa sola yenye tundu la USB.

Tusidanganyane, ubaya upo. Nyingi hutoa volti 1.5 ile ile, halafu huzima ghafla bila dalili. Redio nyingine hukoroma. Na jamani, betri ya kawaida msijaribu kuichaji: yaweza kupasuka.

Babu zetu walibeba pembe toka Ujiji hadi Bagamoyo, faida kubwa wakaila matajiri. Sisi tubebe hasara mpaka lini? Ushirika ununue kwa pamoja, kila mwanachama alipe kidogo kidogo. Mkutano ujao tuamue!

Umoja ni nguvu.

Katibu