Sanamu za Karatasi Zastahili Nafasi Katika Maabara

Daftari la shule likiisha kujaa, aghalabu huishia kufungia maandazi au kuwashia moto. Yafaa shule za sekondari za Geita ziyatazame upya madaftari hayo, kwani yana malighafi ya sanamu. Na kazi hiyo ni ya kipindi cha sayansi sawa na ilivyo ya kipindi cha sanaa.

Wapo watakaosema kuwa huo ni mchezo wa watoto. Louis Auzoux, daktari wa Ufaransa aliyeishi kati ya mwaka 1797 na 1880, hakuona hivyo. Maiti za kujifunzia utabibu zilikuwa haba, tena zikioza upesi. Basi akaunda miili ya binadamu kwa rojo la karatasi, yenye viungo vinavyofunguliwa kimoja kimoja na kurudishwa mahali pake. Moyo ulioundwa namna hiyo hufundisha kuliko mchoro wa ubaoni, ambao hauna upande wa nyuma.

Utengenezaji wenyewe ni somo la kemia. Karatasi ni nyuzi za selulosi zilizoshikamana kwa vifungo vya haidrojeni. Ikilowekwa, maji hupenya kati ya nyuzi na kuvilegeza vifungo hivyo. Ikitwangwa huwa rojo. Na rojo likikauka, nyuzi hushikamana tena katika umbo jipya. Gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo: chembe za wanga hufyonza maji, huvimba na kupasuka joto lifikapo kama sentigredi 60 hadi 70. Mwanafunzi mwenye pupa, apakaye rojo nene kwa mara moja, ataiona sanamu yake ikipasuka, kwa sababu sehemu ya nje hukauka na kunywea kabla ya ndani. Hapana budi tabaka liwe jembamba, likauke kivulini, ndipo jingine lifuate. Karatasi ya mifuko ya saruji ina nyuzi imara, lakini vumbi la saruji huunguza ngozi na kudhuru mapafu, heri madaftari.

Usukumani sanamu si jambo geni. Wachezaji ngoma wa vyama vya Wagika na Wagalu walitumia sanamu za mbao kuwavuta watazamaji katika mashindano yao. Lakini mti wa kuchonga huchukua miaka mingi kukua, na huko Geita una mdai mwingine: wachimbaji wadogo wa dhahabu huzuia kuta za mashimo kwa magogo zisiporomoke. Daftari lililokwisha halina wa kuligombania, ila muuza maandazi.

Kipingamizi cha haki ni mchwa. Kwao selulosi ni chakula, na vanishi huzuia unyevu kuliko inavyozuia meno yao. Sanamu ikiliwa, darasa linalofuata liunde nyingine, na mwalimu wa biolojia aeleze habari za vijidudu vya tumboni vinavyomsaidia mchwa kuisaga karatasi hiyo.