Mgeni mwenye haraka mwulize mara mbili

Ukipita Buruburu, Umoja, Donholm au Komarock siku hizi, hutakosa kuona boma lililoigeuza ile nyumba ya uani, iliyokuwa ikikodishwa kwa mwezi, kuwa ya wageni wa siku mbili tatu. Kitanda kipya, pazia, televisheni, mtungi wa gesi na intaneti, basi biashara imeanza. Mwenye nyumba ni baba au mama, lakini anayejibu ujumbe kwenye simu mara nyingi ni kijana aliye chuoni. Ndiyo maana mazungumzo ya leo ni ya jamaa nzima.

Kabla ya kutishana, tuseme wazi kwamba wageni wengi ni watu wema. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uko Embakasi, na tangu 2017 garimoshi jipya la Mombasa hushukisha abiria Syokimau. Anayeruka alfajiri, aliyekuja harusini, aliyeitwa mahojiano ya kazi, Mkenya aliyerudi kutoka ng'ambo akakuta kwa nduguye hapana nafasi, wote hao wanahitaji pa kulala bila kulipa bei ya hoteli ya mjini. Mwenyeji mpya hatakiwi kumshuku kila abishaye hodi. Atakiwacho ni kulitambua ombi lililokaa upande.

Ombi la namna hiyo huwa na haraka isiyoelezeka, na humvuta mwenyeji atoke katika njia ya kawaida. Mtu anakuandikia kupitia Airbnb au mtandao mwingine wa kukodisha. Hajauliza kama kuna maji (na Eastlands nani asiyeuliza maji?), hajauliza gari litaegeshwa wapi, lakini ameshaomba nambari yako "tumalizane kando". Anajua unavyochukia kukatwa ada, na hapo ndipo anapokubembelezea. Ukikubali umejivua ngao: mtandao hauwezi kukutetea kwa malipo ambayo hayakupitia kwake, wala hautakuwa na kumbukumbu ya huyo mgeni.

Kisha kuna yule anayelipa zaidi. Simu inaonyesha umepokea Sh18,000 ilhali mlikubaliana Sh8,000, na kabla hujapumua inalia: "Samahani mama, nimekosea, nirudishie hiyo elfu kumi nilipe teksi." Sauti ni ya heshima, na nyuma yake mtoto analia. Usitume kitu. Fungua M-Pesa mwenyewe, kwa programu au kwa *334#, utazame salio. Ujumbe wa kweli hutoka kwa jina la MPESA, hautoki kwa nambari ya mtu. Lakini hata ukiliona jina hilo, salio ndilo shahidi. Na kama fedha zimeingia kimakosa kweli, aliyetuma ana njia yake: huupeleka ujumbe wa malipo hayo kwa 456, Safaricom ikashughulikia. Hulazimiki kumrudishia kwa mkono wako, sembuse kwa nambari tofauti na ile iliyotuma. Walaghai wa aina hii huripotiwa kwa 333.

Mwenzake wa ng'ambo hutumia kadi ya benki iliyoibwa. Hulipa kupita kiasi, akaomba ziada apewe "dereva" wake aliyeko Nairobi. Mwenye kadi akilalamika, benki huzichukua fedha zake, na dereva umekwisha kumlipa kutoka mfukoni mwako.

Hadi hapo tunazungumzia pesa, na pesa hutafutwa tena. Januari 2024 wanawake wawili waliuawa katika nyumba za kukodishwa kwa siku jijini, mmoja South B, ng'ambo ya Industrial Area, na mwingine, mwanafunzi wa chuo kikuu, huko Roysambu. Tarehe 27 mwezi huo watu walijaa barabarani Nairobi na miji mingine kulaani mauaji ya wanawake. Serikali nayo ikasisitiza kwamba wenye nyumba hizi wajiandikishe kwa Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Kwa hivyo swali la "ni nani atakayelala humu?" si udaku. Huenda likawa ndilo litakalomwokoa binti wa watu, na mwenyeji asiyeliuliza hatakuwa na la kuwaambia polisi wala wazazi.

Anayeshika nafasi kwa niaba ya mtu mwingine na hataki kumtaja, mkatalie. Mkazi wa Kayole anayetaka nyumba Umoja kwa usiku mmoja wa Jumamosi anaweza kuwa na sababu njema, pengine kwake kumejaa watu wa matanga. Pengine pia anatafuta pa kufanyia sherehe ya watu arobaini. Mwulize wako wangapi na wanakuja kwa shughuli gani. Mwenye nia safi hujibu kwa sentensi moja. Anayekasirika kwa swali dogo kama hilo amekwisha kukujibu. Lakini jina la Kisomali au lafudhi ya Kinaijeria si dalili ya chochote, na nawasihi akina mama wa mtaani tuliache zoea hilo. Matapeli wengi wa hapa huzungumza Kiswahili na Sheng' kama mimi na wewe.

Mgeni akifika, kila mtu mzima aonyeshe kitambulisho au pasipoti halisi, ulinganishe na uso. Picha iliyotumwa kwa simu haitoshi. Zihifadhi nambari hizo kwa siri, maana sheria ya 2019 ya kulinda data inakuhusu hata ukiwa na chumba kimoja. Usizirushe katika kundi la WhatsApp la mtaa. Kamera iwe langoni. Ndani ya nyumba ni mwiko, na Airbnb yenyewe ilizipiga marufuku kuanzia 30 Aprili 2024. Askari wa geti na majirani wajue unaendesha biashara hii, kwani wao ndio watakaosikia mayowe kabla yako.

Kukataa nako kuna adabu yake. "Samahani, hatutaweza kukupokea" yatosha. Usimtukane mtu wala kumwita mwizi kwa kushuku tu, na usifute ujumbe wake, kwani huenda ukahitajika katika kituo cha polisi.

Na huyo kijana wa chuo anayejibu simu, asitumwe kupeleka funguo saa nne za usiku peke yake. Aandamane na mtu mzima, wakutane na mgeni pale getini penye taa, vitambulisho vionekane hapo hapo. Mambo ya swichi ya maji moto na nywila ya intaneti yaandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, ili asiwe na haja ya kuingia ndani na watu asiowajua.