Ujira wa Sauti na Kalamu



Tarehe 2 Mei 2023 waandishi wa filamu nchini Marekani waliweka kalamu chini. Mwezi Julai waigizaji wakaungana nao. Zamani, kila filamu iliporudiwa katika televisheni, waliohusika walipata fungu lao. Kampuni zinazoonyesha filamu kwa intaneti zililipunguza mno fungu hilo. Tena kulikuwa na hofu ya akili bandia, yaani mashine iigayo sura na sauti ya mtu, naye mwenyewe akaachwa mlangoni. Mgomo wa waandishi ulidumu siku 148, nao ukazaa mkataba.

Je, mambo hayo ni ya mbali? La hasha. Huko Nairobi vijana walilipwa kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa kusoma maandishi ya kutisha, ili akili bandia ya kampuni ya OpenAI ifundishwe kuyakwepa. Wazee wetu waliokata mkonge wa Kilosa kwa kipande waliijua hesabu ya namna hiyo, na Mtume Yakobo aliikemea kabla yao.

Kwaya zetu nazo hurekodi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi, hata yule wa kigangoni. Basi viongozi wa kwaya wasitie sahihi karatasi yoyote ya studio kabla haijasomwa mbele ya wanakwaya wote. Na parokia inayonakili nyimbo za mtunzi pasipo kumwuliza (zipo!) ianze kwa kumlipa huyo.