Gari dogo, kodi kubwa: kwa nini Vitz ya milioni 6 inafika Tarime ikiwa imekaribia milioni 12

Kila bajeti ya Serikali inapokaribia, simu zinazoingia studio huwa na swali lilelile, maneno tu ndiyo hubadilika: kwa nini gari dogo la mtumba, ambalo Wajapani wenyewe wamelichoka, likifika huku kwetu linakuwa na bei ya kiwanja na nyumba juu yake? Wengi wanawalaumu madalali. Madalali wapo, hatukatai. Lakini sehemu kubwa ya jibu iko kwenye kodi, na kodi hiyo imepangwa hivyo kwa makusudi.

Serikali nyingi hazitaki kila mwenye hela aingize gari lolote analotaka. Zinachotofautiana ni njia. Jirani zetu wa Kenya, hapo ng'ambo ya Sirari, hawaruhusu gari la mtumba lililozidi miaka minane kuingia nchini mwao. Uganda mwaka 2018 ilibadili sheria na kuyazuia magari yenye miaka 15 na zaidi. Singapore, kisiwa kidogo kule Asia, tangu mwaka 1990 inauza kwa mnada vibali vya kumiliki gari, na kibali kinadumu miaka 10 tu. Mwaka 2023 kibali peke yake, kabla hujanunua gari lenyewe, kilipita dola 100,000 za nchi hiyo hata kwa magari ya injini ndogo.

Tanzania haikufunga mlango. Imeweka bei mlangoni.

Wazee wetu wanakumbuka wakati mlango ulikuwa umefungwa kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 nchi haikuwa na fedha za kigeni, na kuagiza gari binafsi kulihitaji kibali ambacho mkulima wa kawaida hakuweza hata kukiota. Mwaka 1984 Serikali ilianza kuruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na taratibu magari ya mitumba yakaanza kumiminika. Kwa hiyo zamani kizuizi kilikuwa kibali, leo kizuizi ni mfuko.

Tufanye hesabu. Tuchukue kwamba Mamlaka ya Mapato, TRA, imelithamini gari lako kwa Sh 6,000,000 lilipofika bandarini. Tunasema TRA imelithamini kwa sababu kodi haifuati risiti uliyotumiwa na muuzaji. TRA ina orodha yake ya thamani za magari ya mitumba. Gari letu ni Vitz ya injini ndogo, karibu cc 1,000, na ina zaidi ya miaka 10.

Kwanza kuna ushuru wa forodha, asilimia 25: Sh 1,500,000. Jumla sasa ni Sh 7,500,000. Kisha kuna ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini. Hapa mwenye gari dogo anapumua, kwa sababu injini isiyozidi cc 1,000 hailipi kitu. Kuanzia hapo hadi cc 2,000 ni asilimia 5, na zaidi ya cc 2,000 ni asilimia 10.

Lakini hujamaliza. Kuna ushuru wa uchakavu. Gari la kutembelea lenye miaka 8 hadi 10 linalipa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 linalipa asilimia 30. Asilimia 30 ya ile milioni saba na nusu ni Sh 2,250,000. Mwisho inakuja VAT, asilimia 18 ya jumla yote hiyo, yaani unalipa kodi juu ya kodi: Sh 1,755,000.

Jumla ya kodi ni Sh 5,505,000. Hapo hatujaweka tozo ndogondogo za bandarini, usajili na namba, wala mafuta na posho ya dereva wa kulileta kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hawalijui. Ukichukua gari la thamani hiyohiyo na umri huohuo lakini lenye injini ya cc 1,300, kama IST, kodi inapanda kwa Sh 442,500 tu. Kumbe udogo wa injini haukuokoi sana. Kinachokuumiza ni miaka ya gari. Vitz hiyohiyo ingekuwa chini ya miaka minane na thamani ileile, kodi ingekuwa Sh 2,850,000. Shida ni kwamba gari jipya zaidi huthaminiwa juu zaidi, na mwenye milioni sita mkononi hawezi kulifikia. Anayenunua gari la zamani ni yule asiye na uwezo, na ndiye anayepigwa asilimia 30.

Serikali ina hoja yake, na si ya kupuuzwa: magari chakavu yanakula mafuta, yanatoa moshi na breki zake si za kuaminika. Sisi tunaona hoja hiyo ina nguvu zaidi Dar es Salaam, kwenye foleni, kuliko Nyarero, ambako shida si wingi wa magari bali uchache wake. Mgonjwa akizidiwa usiku, familia haiulizi gari ni la mwaka gani. Inauliza nani ana gari.

Halafu kuna barabara. Sheria inapima injini, haipimi tope. Vitz na Passo ziko chini, na mvua za masika zikinyesha, njia nyingi za vijijini kwetu zinakwangua tumbo la gari hadi sampo inatoboka. Ndiyo maana wengi huku wanachagua Probox, au Rav4 ya zamani. Rav4 ile yenye injini ya cc 1,998 iko kundi moja la ushuru wa injini na IST, kwa sababu haijavuka cc 2,000.

Kwa vikundi vinavyotaka gari la kubebea ndizi, mahindi au kahawa, kuna njia nyingine ambayo hatuisikii ikizungumzwa sana. Magari ya mizigo yaliyozidi miaka 10 hulipa uchakavu wa asilimia 5, si 30. Kirikuu, ile Suzuki Carry ndogo ya cc 660, iko upande huo. Ikithaminiwa kwa Sh 6,000,000 ileile, kodi inakuwa Sh 3,292,500, pungufu ya Vitz kwa zaidi ya milioni mbili. Tatizo, watu wakishaiona wanapanda nyuma, na hiyo ni hatari na ni kosa.

Kwa wenye michomoko ya abiria, hesabu hii inaeleza pia kwa nini Probox ya viti vitano inabeba watu wanane. Hatutetei. Lakini mtu aliyekopa milioni 12 au 14 anarudisha mkopo kwa nauli, na kila kichwa cha ziada ni siku moja karibu na kumaliza deni.

Na usidhani kama huna gari haikuhusu. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, ile iliyokuwa na stika kwenye kioo, ikaongeza badala yake Sh 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mwenye gari lililolala uani alishangilia. Aliyewasha kibatari alianza kulipia. Bajeti ya 2023 iliongeza Sh 100 nyingine kwa lita ya petroli na dizeli, na hiyo iko ndani ya nauli yako ya bodaboda na ndani ya bei ya kusaga mahindi kwenye mashine ya dizeli.

Wapo wanaotuuliza kuhusu njia ya mkato: kununua gari lenye namba za Kenya na kulitumia upande huu. Gari la nje huingia kwa kibali cha muda. Mkazi wa Tanzania akiligeuza lake bila kulipa ushuru, siku likikamatwa anadaiwa kodi zote pamoja na faini, au analipoteza.

Kama unaagiza, tumia kikokotoo cha magari kwenye tovuti ya TRA kabla hujatuma hata shilingi. Kinafunguka kwenye simu. Viwango vinaweza kubadilika kila Julai, Sheria ya Fedha mpya inapoanza. Angalia pia mwaka wa kutengenezwa, si mwaka liliposajiliwa. Meli kutoka Japani huchukua wiki kadhaa, na gari la miaka saba lililonunuliwa Novemba linaweza kushuka bandarini Januari likiwa limehesabiwa miaka minane.