Acheni Kudanganya Watu na Mboji

Kila wiki naona video ile ile. Mtu amesimama kwa shamba la mamake, gambuti safi kama za dukani, anarusha magugu kwa shimo akisema "kila kitu kijani ni mbolea." Watu wanalaiki. Msimu unaofuata wanapanda sukuma, inaota sangari.

Wasee, hicho ni kitalu cha magugu.

Naelewa tulifikaje hapa. 2022 gunia la DAP la kilo 50 lilipita shilingi 6,000, kila mtu akakumbuka mboji. Poa, mimi ni timu mboji kabisa. Lakini hizo video zenu analipia mama anayepalilia, ama kibarua anayeinama mchana kutwa kung'oa kitu mlichomwambia tajiri wake arudishe udongoni.

Magugu machanga, kabla ya maua, tupa ndani. Kishona nguo iliyokomaa ni stori ingine. Mmea mmoja hutoa mbegu kwa maelfu, na hazifi kwa rundo baridi. Zinataka joto la nyuzi 55 hadi 65 kwa siku kadhaa. Rundo la kufika magoti, ambalo halijawahi kugeuzwa, halifiki hapo hata uliombee. Jenga lifike mita moja kila upande, changanya majani mabichi, makavu na samadi, mwagia maji, kisha uwe unageuza ili ya nje iingie ndani, maana pembeni huwa baridi na mbegu zinapona huko. Chomeka fimbo katikati, ichomoe baada ya dakika kumi. Kama unaishika kwa raha, bado. Sikumaliza chuo, lakini fimbo haiulizi digrii.

Sasa sangari, ndago na mukengeria. Hizi hazingoji hata mbegu. Kipande cha mzizi wa sangari, punje moja ya ndago, shina la mukengeria lenye kifundo, na imeanza upya. Halafu kuna yule huzikatakata na panga kwanza, ati zioze haraka. Buda, umezizidisha! Anika juu ya mabati mpaka zivunjike kama njiti, na usidhani ni kazi ya mchana mmoja; mukengeria ni mkaidi. Ama zamisha kwa pipa la maji, funika, uache wiki sita. Itanuka, jirani atauliza nini kimekufa. Zikishaoza kabisa, chota mkebe mmoja wa yale maji, ongeza mikebe kumi ya maji safi, mwagia sukuma kwa shina.

Kayongo, watu wa Nyanza na Magharibi, isikaribie rundo hata kidogo. Mbegu zake ni kama vumbi, na zinaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikingoja mahindi. Ng'oa kabla itoe maua, choma.

Na nyinyi wenzangu wa kupost: mkishatuonyesha shimo siku ya kwanza, rudini mtuonyeshe shamba lile lile baada ya mvua mbili. Hiyo sehemu huwa hamrekodi.