Kompyuta Haisemi Usichoiuliza

Wasomaji wangu, leo naweka kando habari za misimbo na hitilafu zake. Nataka tuongee pesa, tena si pesa za leo bali pesa za uzeeni.

Jumapili iliyopita kaka yangu alitoka Thika akaja kunitembelea hapa Ruiru. Ana miaka 40, anafanya kazi kwenye kiwanda kimoja huko, na imebaki miaka 20 astaafu. Hata chai haijamiminwa, akanisukumia simu. "Wewe ndiye fundi wa kompyuta, hebu tazama hii." Alikuwa amepata kikokotoo kwenye mtandao. Akaingiza shilingi 5,000 kila mwezi, faida ya asilimia 10 kwa mwaka, miaka 20. Jibu likatoka shilingi milioni 3.8! Sasa alikuwa tayari kujitoa kwenye sacco yake ili apate hizo 5,000 za kila mwezi.

"Kompyuta haidanganyi," akaniambia.

Ni kweli haidanganyi. Lakini pia haisemi usichoiuliza.

Nikafungua kipakatalishi changu na LibreOffice Calc, programu huria isiyouzwa. Kwenye kisanduku kimoja nikaandika =FV(10%/12;240;-5000). (Programu nyingine zinataka koma badala ya semikoloni.) Ikatoa ileile milioni 3.8, kwa hiyo kikokotoo cha kaka hakikukosea hesabu. Kisha nikamuuliza, "Na ushuru je?" Faida ya mfuko wa soko la fedha hapa Kenya hukatwa ushuru wa asilimia 15 kabla hujaiona, kwa hiyo 10 inakuwa 8.5. Nikabadilisha namba moja tu. Tukabaki na milioni 3.13.

"Na bei ya unga?" Tukadhani bei zitapanda kwa asilimia 6 kila mwaka. Wala si namba ya kutisha: Oktoba 2022 mfumuko wa bei hapa Kenya ulifika asilimia 9.6. Kwa asilimia 6, ukitaka kununua baada ya miaka 20 kile ambacho shilingi moja inanunua leo, utahitaji shilingi 3.20 hivi. Tukagawanya. Milioni 3.8 ya kaka ikawa pungufu ya milioni moja kwa thamani ya leo.

Kaka akanyamaza. Chai ikapoa.

Simlaumu. Nalaumu tabia yetu sisi watengenezaji wa programu, ya kuonyesha namba moja kubwa yenye rangi ya kijani na kuficha makisio yaliyoizaa. Ndiyo maana nina msimamo huu, na mkitaka kunipinga karibuni: kwa mpango wa uzeeni, chagua lahajedwali (karatasi ya miraba kama ya Excel au Calc) kabla ya kuchagua programu yoyote ya simu. Sababu zangu ni hizi.

Kwanza, programu nyingi za kupanga pesa ziliandikwa kwa ajili ya maisha ya watu wengine. Ukizifungua zinakuuliza habari za 401(k) na Social Security ya Marekani. Hakuna mahali pa kuandika chama, sacco, ada ya mpwa, wala ploti. Na hapa kwetu ploti ndiyo pensheni! Tembea Ruiru uone ghorofa za kupangisha zinavyoota. Nyingi ni ndoto ya mtu kustaafu. Kaka naye anataka kujenga vyumba kumi vya 5,000 kila kimoja. Kichwani mwake hiyo ni 600,000 kwa mwaka. Tukaiweka kwenye mstari wake. Kila chumba kikikaa wazi miezi miwili kwa mwaka, zinabaki 500,000. Tangu Januari 2024 ushuru wa mapato ya nyumba za kupangisha ni asilimia 7.5 ya kodi unayopokea, kwa mwenye kupata kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Ondoa 37,500. Zinabaki 462,500, na bado hujarekebisha bomba wala hujalipa kaunti ya Kiambu ada za ardhi. Ni mapato mazuri bado, lakini siyo 600,000.

Pili, sheria zetu hubadilika. Kwa miaka mingi mchango wa mfanyakazi kwa NSSF ulikuwa shilingi 200 kwa mwezi. Februari 2023, sheria ya 2013 ilipoanza kutekelezwa, mchango wa juu kabisa ukawa 1,080. Februari 2024 ukawa 2,160, na Februari 2025 ukawa 4,320, mwajiri naye akiweka kiasi hichohicho. Mwisho wa Desemba 2024 kiwango cha mchango wa pensheni kisichotozwa ushuru kikapanda kutoka 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Programu ambayo aliyeitengeneza amelala bado inakata 200. Kwenye lahajedwali, kiwango kinakaa kwenye kisanduku chake, nakiona, nakibadilisha mwenyewe.

Tatu, programu hufa. Microsoft iliacha kuuza Microsoft Money mwaka 2009. Mint, iliyopendwa sana Marekani, ilifungwa mwaka 2024. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika matumizi yangu ya miaka mitatu kwenye programu fulani ya simu, asubuhi moja nikaikuta haifunguki tena, na hapakuwa na njia ya kutoa data. Mpango wa uzeeni ni wa miaka 20 au 30. Ni simu gani yako imedumu hata miaka mitano? Basi kabla hujaingiza senti ya kwanza, tafuta kitufe cha kutoa data yako kwa CSV. Kama hakipo, ondoka.

Nne, siri zako. Baadhi ya programu zinaomba ruhusa ya kusoma ujumbe wote wa simu ili zione M-Pesa yako. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini sheria haikusaidii kama umebonyeza "kubali" bila kusoma. Taarifa ya M-Pesa unaweza kuiomba mwenyewe ikaletwa kwa barua pepe, ukanakili jumla unazozihitaji. Ni kazi ya dakika chache kwa mwezi.

Najua mtakachosema. "Si kila mtu anaweza lahajedwali." Kweli. Kuna watu ambao wasipokumbushwa na simu hawataweka hata shilingi, na kwao programu ya simu ni bora kuliko kukosa kabisa. Itumie basi kama daftari la matumizi. Lakini mpango wenyewe, ule unaoamua kama utajitoa sacco au utauza shamba, uweke mahali ambapo unaweza kuona kila kisio na kulibishia. Mwenye hamu zaidi ajaribu GnuCash, nayo ni programu huria. Inafuata uhasibu wa kuingiza mara mbili na inakubali shilingi ya Kenya bila shida. Inataka subira wiki ya kwanza.

Na kaka? Hakujitoa sacco. Tulipoweka mstari wa mkopo tukaona kwamba akiba yake pale ndiyo inayompa haki ya kukopa mara tatu yake, na ndiyo itakayojenga vyumba vile. Badala yake alipata 2,000 za kuanzia, na tukaweka kisanduku cha kuongeza mchango kila mwaka mshahara unapopanda. Jibu lililotoka halikuwa na rangi ya kijani. Lilikuwa dogo, lakini alijua kila namba ilikotoka.

Alirudi Thika jioni na faili kwenye flashi, na nakala moja niliyomchapishia kwenye karatasi. Alipokuwa anapanda matatu akaniuliza, "Hii asilimia 6 ya bei ya unga, nikiweka 8 inakuwaje?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri siku nzima. Haya, nawe fungua lahajedwali uweke 8 yako.