Duara la Kilomita 5

Muhula uliopita, katika semina, mwenzetu mmoja alisoma insha nzuri juu ya afya vijijini. Alizungumzia vifo vya watoto, akazungumzia malaria, kisha akafika pale insha zetu zote zinapofika: wananchi waelimishwe. Darasa likapiga makofi. Nami nikapiga, kwa adabu tu. Lakini njiani kurudi bwenini moyo ulikuwa ukinisuta, kwa sababu huyo mwananchi anayetakiwa kuelimishwa ni mama yangu.

Kwetu ni Iyolwa, wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda, upande unaoelekea Busia. Mama yangu anaijua malaria kuliko sisi tuliokaa mle darasani. Anajua kwamba si kila homa ni malaria, ndiyo maana anataka mtoto apimwe. Anajua kwamba dozi ya siku 3 humalizwa hata kama mtoto siku ya pili amekwisha kuanza kucheza. Chandarua anacho na anakitumia. Kama kuna mtu asiyejua jambo hapa, basi ni yule anayempangia huduma, na jambo asilolijua ni kwamba kati ya nyumba yetu na kituo cha afya kuna bonde la mpunga.

Niwaeleze habari ya bonde hilo. Mipango ya afya nchini kwetu imezoea kupima ufikivu wa huduma kwa kilomita 5. Ukikaa ndani ya kilomita 5 kutoka kituo, umehesabiwa kuwa umefikiwa. Unachukua ramani, unaweka bikari juu ya kituo, unachora duara. Sisi tumo ndani ya duara. Wakati wa kiangazi hilo ni kweli, maana unapita juu ya tuta, unaruka mfereji, umefika. Mvua zikishika, tuta linameguka na mfereji unakuwa mto. Hapo ama unazunguka bonde zima kwa miguu, ama unatafuta hela ya boda boda. Na mvua ndizo zinazotuletea mbu. Kwa hiyo lile duara husema kweli miezi ambayo hatuumwi sana, na husema uongo miezi ambayo watoto wanaungua homa.

Nilipokuwa sekondari mdogo wangu alishikwa na homa mwezi wa Mei. Mama alimbeba mgongoni, mimi nikabeba viatu vya wote watatu. Tulizunguka bonde tukafika kituo kimoja, sitakitaja, jua likiwa limepanda. Kipimo kikaonyesha malaria. Dawa hakuna. Musawo, kama tunavyomwita mhudumu wa afya kwetu, hakuwa mtu mbaya. Alitufungulia kabati tuone wenyewe, akatuandikia jina la dawa tukanunue dukani. Mama aliuza kuku wawili. Mdogo wangu alipona, na sisimulii haya ili mtu amlilie. Nasimulia kwa sababu ya swali ambalo katika semina yetu halikuulizwa: kwa nini kabati liwe tupu mwezi wa Mei?

Sehemu ya jibu ni sanduku. Kuanzia 2010 vituo vya afya vya ngazi ya pili na ya tatu Uganda vilianza kuletewa dawa katika masanduku yaliyokwisha kupangwa, kila baada ya miezi miwili, kutoka bohari ya dawa ya taifa. Nia haikuwa mbaya. Kabla ya hapo kituo kiliagiza chenyewe, na maagizo yalichelewa au yalikosewa; sanduku angalau lilikuwa linafika. Lakini lilifungwa kwa kufuata ngazi ya kituo, si kwa kufuata maradhi ya mahali. Kituo cha mabondeni Tororo, penye mbu wengi kupita kiasi, na kituo cha ngazi hiyohiyo katika milima ya baridi ya Kigezi, vikawekewa sanduku la namna moja. Sanduku la Januari kavu likafanana na sanduku la masika. Marekebisho yamefanywa tangu wakati huo, na ni haki kuyasema. Fikra iliyolifunga lile sanduku, hata hivyo, bado tunaibeba katika daftari zetu za mihadhara: kwamba walio kwenye ngazi moja wana haja moja.

Tazameni pia mpaka. Mwishoni mwa 2014 nyumba za Tororo zilianza kupuliziwa dawa ya mbu ukutani, na malaria ikashuka sana. Jirani zetu wa wilaya ya Busia hawakuwamo katika mpango ule. Wilaya ni mstari wa utawala. Shangazi yangu ameolewa upande wa pili wa mstari huo. Watoto wake huja kwetu likizo, wetu huenda kwake. Wanakula pamoja, wanalala pamoja, lakini mpango wa afya unawajua kama watu wa nchi mbili. Sidai kwamba pesa za kupulizia kila mahali zilikuwapo. Ninachodai ni kwamba mtu yeyote wa kijijini angeweza kukuambia mapema nani hulala kwa nani.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba ukiwauliza wananchi, kila kijiji kitaomba hospitali. Jibu hili nimelisikia mara nyingi, na kila mara limetoka kwa mtu ambaye hajawahi kuuliza. Mama hajaomba hospitali. Aliomba kliniki ya wajawazito isiwekwe siku ya soko. Siku hiyo ndiyo siku pekee mwanamke wa kwetu anashika hela yake mwenyewe, na ndiyo siku aliyopangiwa kukaa kwenye benchi tangu asubuhi. Kuhamisha siku ya kliniki hakuhitaji hata shilingi moja ya mfadhili. Kisha mwanamke asipotokea, ripoti itaandika kwamba mwitikio wa jamii ni mdogo, na mwanafunzi wa chuo ataisoma ripoti hiyo na kuandika insha: wananchi waelimishwe!

Wala si kwamba tunakosa sheria. Azimio la Alma-Ata la 1978, ambalo sote tumelinukuu katika mitihani, linasema kushiriki katika kupanga huduma za afya ni haki ya watu na ni wajibu wao. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 inataka mpango wa wilaya ubebe mipango ya ngazi za chini. Kuna kamati za usimamizi wa vituo, kuna wahudumu wa kujitolea wa vijiji. Hawa wa kujitolea ndio wanaojua nyumba ipi ina mtoto mgonjwa, lakini huitwa kugawa vyandarua na kuhesabu watu; sijaona wakiitwa kuamua chochote. Niliwahi kuhudhuria mkutano mmoja wa kupanga bajeti. Karatasi zilikuwa za Kiingereza, kurasa nyingi, na wazee waliokuja na malalamiko yao ya Kidhopadhola walikula soda wakaondoka. (Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022. Sisi tunaokisomea tungeweza kuanza na karatasi hizo kabla ya kuanza na tamthilia.)

Elimu ya afya siipingi. Mtu asiyejua dalili za hatari kwa mjamzito afundishwe, tena upesi. Ninachopinga ni kuitumia kama kifuniko. Kila tunapoandika "ukosefu wa elimu" tunamwondolea mpangaji kazi yake na kumtwika mama anayezunguka bonde. Tena tunajipendelea, kwa kuwa waelimishaji ni sisi.

Haya yote niliyawasilisha wiki iliyofuata, kwa maneno machache zaidi. Mhadhiri alisikiliza kwa upole, akarudisha karatasi yangu ikiwa na alama nzuri, na kando ya aya ya bonde la mpunga ameandika kwa kalamu nyekundu: "Chanzo?" Ni swali la haki katika kazi ya kitaaluma. Likizo ya Desemba nitakwenda nyumbani na ramani yenye lile duara. Nitamwomba mama achore juu yake njia anayopita mwezi wa Mei, nitawaomba na wanawake wa ng'ambo ya bonde wachore zao, kisha nitapeleka nakala moja ofisi ya kaunti ndogo na nyingine nitamletea mhadhiri.